Ulanguzi wa Binadamu: Neno la Kwanza Huandikwa Polisi



Katika kutembelea vikundi vya kujisaidia, kuanzia upande wa Laiser Hill hadi Kitengela, Isinya na Kajiado mjini, tumekuwa tukiulizwa swali moja mara kwa mara. Watu wanasema, "Tukimwona mtoto wa wenyewe anateswa, au kijana wetu amepotelea Arabuni, tukienda polisi tunaambiwa hayo ni mambo ya nyumbani. Sasa twende kwa nani?" Swali hili ni la haki. Tumeona heri tulijibu kwa maandishi, ili kila kikundi kiwe na karatasi ya kusoma na kujadiliana.

Tutaanza na kisa kimoja ambacho sisi wenyewe tulihusika. Mambo machache tumeyabadilisha ili mtoto asijulikane.

Kisa cha mtoto wa steji

Jioni moja mama wa kikundi fulani, ambaye huuza sukuma wiki karibu na steji, alimkuta msichana wa miaka 14 hivi amejikunyata nyuma ya vibanda. Alikuwa na njaa, na hakuwa na viatu. Kidogo kidogo akaeleza kwamba alitolewa kwao upande wa Tanzania na mwanamke aliyemwita shangazi. Wazazi waliahidiwa kwamba atasomeshwa. Kumbe shule hakuiona. Alikuwa akiamshwa saa kumi za usiku, anafua, anapika, analea watoto watatu, na jioni anatembeza maziwa. Miezi minane ilipita bila kulipwa hata senti.

Yule mama alimshika mkono akampeleka polisi. Kabla mtoto hajamaliza kueleza, mwenye nyumba alifika na gari. Alisema, "Afande, huyu ni mtoto wa ndugu yangu. Ameniibia elfu tatu akatoroka." Katika kitabu cha matukio, kile ambacho watu wote hukiita OB, iliandikwa kwamba mtoto mtoro amepatikana na amekabidhiwa mlezi wake. Mstari mmoja tu, na mtoto akarudishwa.

Asubuhi yake mama alitupigia simu. Na sisi, tuliosomea kazi hii, tulimjibu, "Mama, kama ni jamaa yake, tusiingilie." Kosa hilo tunalikiri hapa kwa sababu lina fundisho. Neno likishaandikwa kitabuni, kila mtu hulifuata, hata yule aliyepaswa kuuliza zaidi. Baada ya wiki tatu mtoto alitoroka tena, na safari hii mkono wake ulikuwa umechomwa kwa pasi.

Kwa hiyo jambo kubwa tunalotaka mlikumbuke ni hili: kesi ya ulanguzi huanza kupotea au kupona pale mezani, siku ya kwanza, kwa neno la kwanza linaloandikwa. Kikundi kinaweza kusaidia neno hilo liwe la kweli.

Ulanguzi ni nini hasa?

Wazee wanakumbuka neno ulanguzi likitumika kwa sukari au unga uliofichwa ili bei ipande. Ulanguzi wa binadamu ni kumgeuza mtu kuwa bidhaa ya namna hiyo. Kenya ina sheria yake ya kupambana na jambo hili, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2012. Kabla ya hapo, mwaka 2005, Kenya ilikuwa imejiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2000 kuhusu kosa hili.

Waswahili husema mafiga mawili hayainjiki chungu. Sheria hii nayo ina mafiga matatu:

Figa la kwanza ni kitendo. Mtu ametafutwa na kuandikwa kazi, au amesafirishwa, amehamishwa, amefichwa au amepokewa.

Figa la pili ni njia iliyotumika. Yaweza kuwa nguvu, vitisho, kutekwa, uongo, kutumia cheo vibaya, kutumia shida ya mtu, au kumpa pesa yule anayemsimamia ili akubali.

Figa la tatu ni lengo. Lengo ni kumnyonya, yaani kumtia utumwani, kumfanyisha kazi kwa lazima, kumfanya mtoto kuwa kibarua, biashara ya ngono, ndoa ya lazima au kumwoza mtoto.

Kuna mambo matatu ambayo watu wengi hawayajui. Kwanza, akiwa ni mtoto, yaani mtu aliye chini ya miaka 18, figa la pili si lazima. Hata kama hakudanganywa wala kutishwa, hata kama wazazi walikubali, kumchukua kwa lengo la kumnyonya ni ulanguzi. Pili, mtu mzima akikubali kwa sababu ya uongo, kukubali kwake hakumwokoi mlanguzi. Tatu, si lazima mpaka uvukwe. Msichana akitolewa Bissil kwa uongo na kufungiwa kazini Kitengela, hilo ni kosa lile lile.

Adhabu ni kali. Mlanguzi akipatikana na hatia, sheria inataja kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Akirudia, ni kifungo cha maisha. Hata mwenye nyumba anayekodisha nyumba yake huku akijua inatumiwa kwa kazi hiyo ana kosa. Wenye ploti wa Kitengela mtusikie vizuri hapo.

Polisi huona nini?

Sheria ikiwa kali hivyo, mbona kesi ni chache kuliko vilio tunavyovisikia? Sababu moja ni kwamba mtu aliyelanguliwa hafiki kituoni amevaa kibandiko cha kusema "nimelanguliwa". Anafika akiwa na sura nyingine, na askari huandika ile sura anayoiona. Sura hizo tumezigawa katika mafungu manne.

1. Mhamiaji asiye na karatasi. Barabara ya Namanga inapita katikati yetu. Kwa miaka mingi vijana kutoka Ethiopia wamekuwa wakipitishwa Moyale, Nairobi na Namanga wakielekea Afrika Kusini. Habari za vijana kukutwa wamefungiwa ndani ya nyumba za kupanga katika miji inayozunguka Nairobi si ngeni kwenu. Wengi wao wamelipa ili wavushwe, na huo kwa jina lake ni usafirishaji wa wahamiaji kwa magendo. Ni kosa, lakini ni tofauti na ulanguzi. Hata hivyo magendo huweza kugeuka ulanguzi njiani, pale mtu anapofungiwa na kulazimishwa kufanya kazi ili alipe deni. Askari akiona tu kwamba hana pasipoti, kesi inakuwa ya uhamiaji. Kijana anatozwa faini au anafungwa, kisha anarudishwa kwao, na ushahidi wote unaondoka naye. Aliyemfungia anabaki kutafuta wengine.

2. Ombaomba. Mwezi Juni 2022 waandishi wa BBC walitoa habari za watoto wenye ulemavu waliotolewa Tanzania na kuletwa Nairobi kuombaomba barabarani. Wazazi waliahidiwa maisha mema kwa watoto wao. Pesa zote za siku zilichukuliwa na waliowaleta. Wangapi kati yetu tumewapita watoto kama hao kwenye taa za barabarani, tukatoa shilingi kumi tukaendelea na safari? Askari wa mji naye huona uchafu wa kuondoa barabarani. Akiwakusanya na kuwarudisha mpakani bila kuuliza ni nani hukusanya pesa jioni, baada ya muda mfupi wengine huletwa.

3. Mwizi, mtoro au malaya. Hii ndiyo sura ya mtoto wetu wa steji. Mwajiri hukimbilia kituoni kwanza na shtaka la wizi, kwa sababu anajua anayefika kwanza ndiye husikilizwa kwanza. Msichana aliyefungiwa kwenye baa naye huandikwa malaya. Hali sheria ya 2010 inasema kwamba aliyelanguliwa asishtakiwe kwa kuwa nchini bila kibali, wala kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kulanguliwa kwake.

4. "Alienda kwa hiari yake." Hayo ndiyo maneno wanayoambiwa wazazi wa waliokwenda ng'ambo. Mwaka 2014 serikali ilisimamisha upelekaji wa wafanyakazi wa nyumbani Mashariki ya Kati kwa sababu ya mateso, kisha baadaye njia ikafunguliwa tena kwa masharti. Mwaka 2021 wabunge waliambiwa na Wizara ya Mambo ya Nje kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefariki Saudi Arabia katika muda wa miaka miwili hivi. Tangu mwaka 2022 tumeanza kusikia jambo jipya: vijana waliosoma, wanaojua kompyuta, wanaahidiwa kazi Thailand, halafu wanajikuta Myanmar wamefungiwa na kulazimishwa kuwaibia watu kwa njia ya intaneti. Kweli walipanda ndege kwa miguu yao wenyewe. Lakini kazi waliyoikubali siyo waliyoikuta.

Kwa nini wanaona hivyo?

Ni rahisi kusema polisi ni wabaya, tukafunga mkutano kwa sala na kwenda nyumbani. Lakini tukitaka kusaidika inafaa tuelewe kinachomfunga askari.

Kwanza ni mafunzo. Wizi, ajali na mauaji kila askari amevishughulikia. Ulanguzi ni kosa la sheria changa, na wengi walifundishwa kwa semina ya siku mbili au hawakufundishwa kabisa. Askari wa mpakani Namanga au wa uwanja wa ndege huenda amepata mafunzo hayo. Yule wa zamu ya usiku katika kituo kidogo huenda hajayapata.

Pili ni ugumu wa kuthibitisha. Kosa la uhamiaji huisha haraka, maana mtu ana pasipoti au hana. Ulanguzi unataka mafiga yote yathibitishwe mahakamani. Inatakiwa mtu atafsiri lugha, aliyemtoa mtoto kijijini apatikane, na mashahidi wasafiri mara tatu au nne. Askari akihamishwa katikati, faili hubaki kwa mtu asiyejua lilikoanzia. Na kwa Katiba ya 2010, mshukiwa akikamatwa lazima afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya korti kama ni mwisho wa wiki. Kwa hiyo askari huchukua shtaka lililo jepesi.

Tatu ni mahali pa kumlaza mtu. Saa nne za usiku askari ana mtoto mezani. Seli si mahali pake, na nyumba za kuwapokea watoto kama hao ni chache, nyingine ziko mbali Nairobi. Akitokea mtu mwenye gari anayesema "huyu ni wangu", ni kama mzigo umetuliwa kichwani.

Nne ni rushwa. Hili hatuwezi kulifunika kwa kanga. Kazi hii ya ulanguzi ina pesa, na pesa hizo hupita katika mikono mingi, pamoja na mikono iliyopaswa kuzuia.

Tano ni sisi wenyewe. Askari ametoka katika jamii hii hii. Kama sisi tunaona ni kawaida mtoto wa jamaa maskini kulelewa kwa kazi za nyumbani, yeye ataona nini? Ukame wa miaka ya 2021 na 2022 ulimaliza mifugo ya watu wengi Kajiado. Mzee aliyebaki na ng'ombe wawili akiambiwa binti yake atapata kazi na shule mjini, anashukuru. Mlanguzi hupita katika mlango huo wa shida.

Mabadiliko yapo

Tusikate tamaa. Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, ina kitengo maalum cha kupambana na ulanguzi wa binadamu na kuwalinda watoto, chenye ofisi Nairobi na Mombasa. Waendesha mashtaka sasa ni wanasheria wa Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia. Pale Namanga maafisa wa Kenya na wa Tanzania wanafanya kazi katika kituo cha pamoja kilichozinduliwa rasmi Desemba 2018, ingawa mlanguzi mjanja hupita njia za panya ambazo sisi wenyeji tunazijua kuliko maafisa.

Kesi nazo hufaulu. Mwezi Novemba 2020 BBC ilifichua biashara ya watoto wachanga Nairobi. Mmoja wa waliokamatwa alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii katika hospitali ya umma. Mwaka 2023 mahakama ilimpata na hatia akafungwa. Sisi wenye kazi hiyo hiyo tuliona haya. Lakini tulijifunza kwamba mlanguzi aweza kuvaa beji, tena hata anayeaminiwa kulinda watoto lazima aulizwe maswali. Kesi ile ilisimama kwa sababu ushahidi ulikuwepo tangu mwanzo: nani alimpokea mtoto, kwa pesa gani, kwa lengo gani. Ni mafiga yale yale.

Kesi huvunjikia wapi?

Mara nyingi kesi haivunjikii polisi wala kortini. Huvunjikia nyumbani. Wazee wanakaa chini ya mti, mshukiwa analeta mbuzi wawili na pesa kidogo, wazazi wanasema yaishe. Siku ya korti ikifika mama mzazi hapatikani kwa simu. Hakimu anaahirisha mara ya kwanza, ya pili, na mwishowe kesi inaondolewa. Yule askari aliyejitahidi naye anajifunza kwamba kesi hizi ni kupoteza wakati, na mtoto wa pili akiletwa hataandika kwa bidii.

Hatudharau baraza la wazee. Mgogoro wa mpaka wa shamba wazee wanaumaliza vizuri kuliko korti. Lakini mtoto aliyeuzwa hana mwakilishi chini ya mti ule. Tuwaombe wazee wetu waseme wazi kwamba jambo hili si la mbuzi.

Kikundi kifanye nini?

1. Msivamie nyumba. Mkimwendea mshukiwa kwa kelele atamhamisha mtu usiku huo huo, au mtaumizwa. Kama maisha yako hatarini sasa hivi, pigeni 999 au 112.

2. Msipige picha ya mtoto na kuituma WhatsApp. Mnamwaibisha, na mnamwonya mlanguzi.

3. Katibu aandike. Siku, saa, mahali, namba ya gari, namba za simu, majina yaliyotajwa. Kama kuna ujumbe wa M-Pesa au wa ahadi ya kazi, usifutwe. Mtoto asihojiwe na kila mwanakikundi. Mtu mmoja anayemwamini amsikilize, na maneno yake yaandikwe kama alivyosema.

4. Nendeni watu wawili au watatu. Mtu mmoja maskini hufukuzwa kwa urahisi. Ulizeni dawati la jinsia. Kama halipo, ombeni kumwona mkuu wa kituo, yaani OCS. Chifu au mzee wa Nyumba Kumi anaweza kuwasindikiza, mradi mna hakika hahusiki.

5. Semeni kwa mpango wa mafiga. Hapa ndipo penye kazi. Badala ya kusema, "Afande, kuna mtoto anateswa," semeni hivi: "Afande, tunaripoti tunachoshuku kuwa ulanguzi wa binadamu. Mtoto huyu ana miaka 14. Aliletwa kutoka Tanzania mwezi wa pili na mwanamke fulani, akapokewa katika nyumba fulani. Wazazi waliambiwa ataenda shule. Amefanyishwa kazi miezi minane bila kulipwa na bila shule." Askari akiambiwa hivyo ana kitu cha kuandika. Ulizeni kwa heshima asome alichoandika, na mchukue namba ya OB. Bila namba hiyo ni kama hamkufika.

6. Afisa wa watoto aitwe siku hiyo hiyo. Namba ya msaada kwa watoto ni 116, ni ya bure. Kwa dhuluma za kijinsia ni 1195, nayo ni bure. Ombeni mtoto asikabidhiwe mtu yeyote, hata anayejiita shangazi, mpaka afisa wa watoto amesikiliza. Jamaa wa kweli hatakataa kuulizwa maswali.

7. Hospitali mapema. Kama kuna majeraha au amenajisiwa, aonwe na daktari kwanza, asioge wala kufua nguo alizovaa. Fomu ya P3 ijazwe.

8. Mkikwama, pandeni ngazi. Nendeni ofisi ya DCI ya kaunti ndogo, mkitaja namba ya OB. Kama askari amedai pesa au amekataa kuandika, ipo mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Afisi za Haki na Amani za kanisa, na mashirika kama HAART ya Nairobi ambayo tangu 2010 hushughulikia ulanguzi, huweza kuwaelekeza.

9. Mfuateni shahidi mpaka mwisho. Kikundi kinachochanga kwa ajili ya matanga kinaweza kuchanga nauli ya korti. Akina mama wa kikundi kimoja walitenga shilingi hamsini kila mmoja kwa mwezi kutoka merry-go-round yao, na kila tarehe ya kesi wawili wao walikaa kortini na shahidi. Pesa si nyingi. Lakini shahidi akigeuka na kuona nyuso anazozijua, ulimi hufunguka.

Na kabla hayajafika huko, mzuie. Kijana akiahidiwa kazi ng'ambo, ulizeni kama wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mkataba usomwe na mtu anayeelewa kabla ya kutia sahihi, na nakala ya pasipoti, mkataba na namba za simu ibaki nyumbani. Kazi inayotaka uondoke kesho, kwa viza ya utalii, bila mkataba, si kazi.

Mtoto wa steji alifikia wapi?

Mara ya pili tulikwenda wote: yule mama, katibu wa kikundi, sisi, na afisa wa watoto. Tulikuta askari mwingine wa zamu, dada mmoja mpole. Katibu alisoma maelezo yake kwa mpango, miezi na mahali. Yule askari aliweka kalamu chini, akauliza, "Mara ya kwanza mlimwambia nani haya yote?" Tukanyamaza, maana ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa ameyasema.

Mtoto alipelekwa hospitali, kisha nyumba ya watoto, na baada ya muda akarudishwa kwao kupitia maafisa wa nchi zote mbili. Sasa yuko shuleni. Mwenye nyumba alishtakiwa. Lakini yule aliyeitwa shangazi hakupatikana, na mashahidi wa ng'ambo ya mpaka hawakufika. Mwishowe hukumu ilikuwa ya ukatili kwa mtoto, wala si ya ulanguzi. Wiki tatu zile tulizozipoteza zilimpa yule shangazi nafasi ya kutoweka. Mkono wa mtoto una kovu, na kovu hilo linatuhusu sisi.

Tarehe 8 Februari kila mwaka kanisa humkumbuka Mtakatifu Josephine Bakhita, mtoto wa Darfur nchini Sudan aliyetekwa na kuuzwa mara nyingi. Alipofikishwa Italia, mahakama ya Venezia mwaka 1889 ilitamka kwamba yeye ni mtu huru. Tangu mwaka 2015 siku yake ni siku ya sala dhidi ya ulanguzi wa binadamu. Mahakama iliweza kutamka neno hilo kwa sababu watu walimpeleka mbele yake na kueleza habari zake. Kazi hiyo ya kueleza ndiyo iliyo mikononi mwenu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni nani anayeweza kuwa amelanguliwa na sisi tumemzoea tu?

2. Tukimkuta mtoto kama yule wa steji leo jioni, nani kati yetu ataandika, nani atakwenda kituoni, na mtoto atalala wapi?

3. Je, tumewahi kumaliza jambo la namna hii kwa mbuzi? Aliyeumia alipata nini?

4. Mkuu wa kituo chetu tunamjua kwa jina? Tumwalike lini aje kuzungumza na kikundi, kabla hatujawa na shida?